Kwenye filamu mvamizi anashuka na chombo chake, huku kwetu tunamleta wenyewe

#1 Mwana wa Nansio
Wakuu, habari za jioni.

Filamu za viumbe wa sayari nyingine nimeziangalia tangu enzi za mabanda ya video, na kuna jambo linanikera kila nikimaliza moja. Mvamizi wa kwenye filamu huja mwenyewe. Chombo kinatanda juu ya mji, watu wanatimua mbio, jeshi linaitwa. Robo saa haijaisha, adui keshajulikana.

Njooni sasa huku Ziwa Victoria. Samaki sangara hakushuka kutoka angani. Alibebwa na watu wa idara ya serikali ya kikoloni, akamwagwa majini, na kwa miaka karibu 25 hakuna aliyeona la ajabu. Miaka ya 1980 akafumuka, na furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakaanza kupotea aina baada ya aina. Wataalamu wanakadiria zilizotoweka ni 200 hivi. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, watu wakalieneza duniani kwa sababu ya maua yake. Kunguru weusi walipelekwa Unguja wasafishe taka. Mti wa mathenge huko Baringo, Kenya, ulipandwa kwa nia ya kuokoa mazingira. Hakuna hata mmoja aliyevunja mlango.

Hoja yangu ni kwamba filamu zimetuzoesha kumwogopa mgeni anayekuja kwa kishindo, tukasinzia mbele ya yule tunayemfungulia wenyewe. Kwa nini waandishi wa filamu hawaigusi hadithi ya kweli? Au ndivyo tulivyoumbwa? Wenye nondo washushe.

#2 Kijiwe cha Kahawa
Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Kiti cha Mbele
Mleta mada, umeiruka filamu kubwa kuliko zote katika jambo hili. *Alien* ya Ridley Scott, 1979. Yule kiumbe hakuivamia Nostromo, meli yao ya anga, aliingizwa. Rudia kipande cha mlangoni: mfanyakazi Kane amebebwa na wenzake, mdudu kamng'ang'ania usoni, wanataka kuingia ndani. Ripley, afisa aliyebaki ndani, anagoma kufungua, anawakumbusha karantini ya saa 24. Anayefungua ni Ash, afisa wa sayansi. Baadaye tunagundua kampuni ilishatoa agizo kiumbe apelekwe kwao hata kama wafanyakazi wote watakufa.

Hadithi unayoilalamikia kwamba haijaandikwa, imeandikwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Wa mlangoni anasema tusubiri, mwenye faida yake anafungua.

#4 Nyegezi
Mkuu #3, Ripley wa Ziwa Victoria yupo kwenye kumbukumbu. Ni Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki. Mwaka 1960 aliandika kupinga pendekezo la kumleta sangara, akionya juu ya samaki wa asili. Wakati anaandika, sangara tayari walishatiwa majini upande wa Uganda, 1954. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa tena, safari hii rasmi.

Jingine la kunyoosha ili vijana wasipotoke: sangara hakutoka bara la mbali. Kwao ni mto Nile, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Ni jirani kabisa. Kilichomzuia kufika kwetu peke yake ni maporomoko ya mto Nile. Furu wamekaa maelfu ya miaka bila kukutana na samaki mla samaki wa ukubwa ule, anayeweza kufika kilo 200.

#5 Bwana Shamba Mstaafu
Nimefurahi uzi huu. Mleta mada anauliza kama filamu zinaigusa hadithi ya kweli. Zinaigusa sana, ila mahali asipopaona.

Yule kiumbe wa *Alien* anayetagia ndani ya mtu kisha kitoto kikapasua kifua si wa kubuni kitupu. Dan O'Bannon aliyeandika ile hadithi alichota kwa wadudu wanaotagia ndani ya wadudu wengine. Na mmoja wa wadudu hao ndiye aliyetuokolea muhogo.

Kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo mwenye unga mweupe, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1973, pande za Kinshasa na Brazzaville. Kwao ni Amerika ya Kusini. Alikuja na vipando, bila adui wake hata mmoja, akasambaa nchi kwa nchi. Vijana hamkuviona vile vilele vya mihogo vilivyojikunja kama ngumi, majani hayafunguki, na ndani umejaa unga mweupe. Watu walipoteza chakula chote.

Mwaka 1981 akapatikana kidung'ata yuleyule huko Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo anayemwandama. Akachukuliwa, akawekwa kwanza karantini Uingereza, ndipo akaachiwa Nigeria mwaka huohuo. Ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Jike anamchoma kidung'ata, anaacha yai ndani yake. Buu linamla kidung'ata kutoka ndani angali hai. Kidung'ata anavimba, anageuka kahawia, anakuwa mgumu. Siku ya mwisho nyigu mzima anatoboa tundu la duara mgongoni na kuruka. Nimewafundisha wakulima kuangalia hilo tundu kwa kioo cha kukuzia. Ukiona maganda ya kahawia yenye tundu, huna haja ya kupiga dawa shamba hilo.

Hans Rudolf Herren aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kiumbe aliyewatisha watu sinema nzima ndiye aliyerudisha ugali mezani kwetu. Naye ni mgeni vilevile, tena aliletwa makusudi.

#6 Kiti cha Mbele
Bwana Shamba, asante sana. Nikuongezee moja juu ya Nigeria. Aliyevaa vazi la yule kiumbe wa 1979 alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa mjini London, urefu wa mita mbili na ushee. Walimwona baa wakamwomba. Alifariki 1992 kwa ugonjwa wa selimundu. Watu wengi wameliona umbo lake na hawalijui jina lake.

#7 Mama Mabondo
Naona wanaume mmekaa kumsema sangara kama mchawi wa kijiji. Mimi sangara amenisomeshea watoto. Viwanda vya minofu Mwanza vimeajiri ndugu zetu, madereva, watengeneza barafu, mafundi wa mitumbwi. Bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, moja kubwa lililokaushwa vizuri linalipa ada ya muhula. Linatolewa kwa mkono, taratibu, ukilichana umepoteza. Wanunuzi wanalipeleka Hong Kong na China.

Niambieni, nani alijenga nyumba ya bati kwa furu?

#8 Mzee wa Mwalo
Binti yangu #7, nakuheshimu na sikatai hata neno moja kuhusu ada. Ila kaa nikueleze jambo, kwa kuwa nimeyaona yote mawili.

Furu alikuwa wa mama. Alivuliwa karibu, kwa ndoano ndogo na kokoro, watoto wanasaidia. Mama anamtandaza juu ya majani au mwamba, jua linafanya kazi, kesho yake anapanda naye mnadani kijiji cha ndani. Hakuhitaji kuni, barafu wala gari. Sangara ana mafuta, humkaushi juani, lazima umbanike au umkaange. Ulizeni miti ya visiwani ilikwenda wapi. Kisha samaki mkubwa akawa wa mwenye injini na nyavu za gharama, na minofu ikawa ya kiwandani. Tuliobaki ufukweni tukapewa mapanki, kichwa na mifupa.

Kwa hiyo nyumba ya bati ipo, kweli. Ila hesabu na waliotoka kwenye biashara.

#9 Kibaruani
Mzee #8, filamu ya kweli juu ya hili ilitoka 2004, ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*. Ilifika hadi kupendekezwa kwa Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Mleta mada, kwa hiyo waandishi wa filamu wanaigusa, ila ikiguswa sisi wenyewe tunanuna.

#10 Mama Mabondo
#9 ile niliiona. Ilionyesha Mwanza kama jehanamu na kufungamanisha samaki na silaha. Mtu akija kunipiga picha nikiwa na mapanki bila kunipiga nikiwa na daftari la hesabu, asiseme amenieleza. Mzee #8 yeye nimemwelewa, amesema kwa haki.

#11 Nyegezi
Kabla hatujamalizana na sangara, naomba niweke hili mezani. Mnaomtetea sato kama samaki wa nyumbani, naye aliletwa. Miaka ya 1950, katika harakati zilezile. Mwenyeji ni ngege. Sato alimzidi nguvu, akagombea naye mazalia, hata akazaliana naye. Ngege leo mnampata kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli upande wa Kenya, ambako pia baadhi ya furu wamejificha.

#12 Kijiwe cha Kahawa
Sato?! Sato wa kuchoma na ndizi? Mkuu, kuna mambo ya kuongea usiku na mambo ya kuacha.

#13 Mama Mabondo
Hahaha. Sasa tuone nani atasusa sahani.

#14 Darubini
Mbona mnamtwisha sangara kila kitu? Someni na upande wa pili. Ole Seehausen na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti juu ya furu wa Ziwa Victoria na mwanga wa maji. Furu jike humchagua dume kwa rangi, mwekundu au wa buluu. Maji yakiwa maangavu kila mmoja anampata wa kwake. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, aina mbili zinazaliana na kuwa moja. Hapo aina inapotea bila samaki kuliwa.

Na maji yamechafuka kwa nini? Misitu imekatwa, mbolea na udongo vinaingia, maji taka ya miji, mwani ukazidi na hewa ikaisha chini. Sangara alikuta nyumba inaungua. Kumtoa yeye leo hakurudishi maji ya 1950.

#15 Nyegezi
#14 utafiti huo naujua na ni mzuri, lakini haumwondoi sangara. Furu wa maji ya kina, ambao hawakuishi kwenye miamba, walianguka ghafla eneo baada ya eneo, kwa kufuatana na sangara alivyoongezeka. Timu ya Waholanzi kutoka Leiden ilikuwa ghuba ya Mwanza ikivua na kuhesabu wakati jambo lenyewe linatokea. Samaki hao waliliwa. Walipopungua, ukimpasua sangara tumboni ulikuta uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe.

#16 Darubini
Na sangara alipovuliwa sana miaka ya 1990, baadhi ya furu wakarudi. Ila waliorudi si walewale. Kuna aina moja iliyopimwa ikakutwa matamvua yake yamekua makubwa kuliko ya zamani, kwa sababu ya hewa kupungua majini. Hiyo ni alama ya maji au ya sangara? Mimi nasema maji.

#17 Nyegezi
Wamerudi baada ya mlaji kupungua, halafu unasema maji? Haya, tuendelee.

#18 Mswahili wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu kunguru ndiye bwana. Anaiba chapati mkononi mwa mtoto, anakula mayai na makinda ya ndege wengine, hoteli za ufuoni zimechoka. Juni 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kabla ya mwaka kuisha, kwa sumu iitwayo Starlicide. Nilitazama nje asubuhi hii, wapo mstari mzima juu ya nyaya.

Na mathenge aliyetajwa #1 ana kisa ambacho hakuna filamu imewahi kukibuni. Aliletwa Baringo miaka ya 1980, mradi wa kuni na kuzuia jangwa, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakisaidia. Mti ukashika bonde. Maganda yake yana sukari, mbuzi anayapenda, lakini yanamharibu meno. Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo wakaenda mahakamani Nairobi kuishtaki serikali, wakiwa na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Mbuzi mwenyewe akafikishwa mahakamani.

#19 Kijiwe cha Kahawa
#18 mbuzi alikula kiapo?

#20 Zenji Damu
Kunguru hafugiki, wazee walishasema. Kweli sisi ndio wa mwanzo kumpata, miaka ya 1890, wakati wa Waingereza, kwa hoja ya usafi wa mji. Ukimwona sasa sokoni Malindi ya hapa Unguja anavyomzingira muuza samaki, kichwa kimeinama upande, anasubiri mtu ageuke, utajua huyu anatusoma kuliko tunavyomsoma. Miaka ya 1990 ilifanyika kampeni kubwa ya mitego na sumu, wakapungua hasa. Kazi ikasimama, wakarudi. Adui wa filamu akishindwa, majina ya waigizaji yanapanda na taa zinawaka. Huyu ukipumzika tu, unaanza upya.

#21 Mwana wa Nansio
#20 umesema nilichokuwa natafuta maneno yake. Filamu ina mwisho. Ndiyo sababu nyingine ya kutodanganyika nayo.

Kiti cha Mbele, nimekuelewa kuhusu Nostromo, lakini hiyo ni moja. Zile kumi nyingine bado ni vyombo juu ya miji.

#22 Msomaji wa Usiku
Zile kumi nyingine zina baba mmoja, naye alisema wazi alikoitoa hofu. H. G. Wells, *The War of the Worlds*, 1898. Sura ya kwanza kabisa anawaambia Waingereza wenzake: kabla ya kuwalaumu watu wa Mars, kumbukeni mlivyowafanya wenyeji wa Tasmania. Mvamizi wa kwenye filamu ni mkoloni aliyegeuziwa kibao. Anashuka na silaha, anachukua ardhi, hataki mazungumzo. Anayemwogopa vile ni mtu anayejua babu yake alifanya nini.

Tazama *District 9* ya Neill Blomkamp, 2009. Chombo kimekwama juu ya Johannesburg, viumbe wanashushwa wakiwa na njaa, wanafungiwa kambini, wanaitwa kamba, halafu wanahamishwa kwa nguvu. Mtu aliyekulia Afrika Kusini anajua ile ni District Six ya Cape Town. Na *Avatar*, mwaka huohuo, mvamizi ni sisi binadamu.

Kwa hiyo swali la mleta mada, kwa nini filamu hazisimulii sangara, jibu langu ni kwamba hazikuwahi kuwa juu ya samaki. Ni juu ya watu.

#23 Bwana Shamba Mstaafu
#22 mwanangu, umesahau sehemu mbili za kitabu hichohicho. Watu wa Mars walikuja na jani lao jekundu, likaziba mito hadi maji yakafurika. Gugu maji kabisa! Na walikufa kwa nini? Vijidudu. Wageni hawakuwa na kinga. Wells alisoma biolojia kwa Thomas Huxley, alijua anachoandika. Usiniondolee samaki na magugu humo.

#24 Msomaji wa Usiku
Nakubali jani jekundu lipo. Lakini angalia na njia ilivyorudi upande wa pili. Charles Elton, mwaka 1958, aliandika kitabu kilichoanzisha elimu hii ya viumbe vamizi, na lugha yake ni ya vita: milipuko, uvamizi. Wakati wa vita kuu ya pili kazi yake ilikuwa kupambana na panya na sungura waliokula chakula cha Uingereza. Wanasayansi wamezungumza kijeshi tangu hapo. Mwaka 2011 Mark Davis na wenzake 18 waliandika kwenye jarida la *Nature* kwamba tuache kuhukumu kiumbe kwa alikotoka, tumpime kwa anachofanya. Mahindi ni mgeni, muhogo ni mgeni, mwembe ni mgeni.

#25 Nyegezi
Hoja hiyo ya 2011 ilijibiwa na wanasayansi wengi zaidi, kwa sababu inasahau muda. Sangara kwa zaidi ya miaka 20 alipimwa "kwa anachofanya" akaonekana hana neno. Ukisubiri kumwona anachofanya, umechelewa.

#26 Mgosi wa Muheza
Naingia na mfano utakaowachanganya wote wawili. Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti 1902, wakaleta mbegu kutoka dunia nzima wakajaribu. Mmoja wa miti iliyopandwa ni msizi, 1913. Ukiingia msitu wa Amani leo, pale palipokatwa mbao zamani, msizi umetawala. Hondohondo wanakula tunda, wanaiangusha mbegu mbali, na kila mwanya wa jua ukifunguka msizi unawahi.

Sasa: msizi kwao ni Kagera na Uganda. Ni mti wa Tanzania hiihii! Mhaya anaujua tangu kwa babu yake. Amani ni mvamizi, Bukoba ni mwenyeji. Paspoti haisaidii kitu hapa. Msitu wa Usambara ulikaa peke yake muda mrefu mno, una mimea na vyura wasiopatikana popote pengine, na kwake mti wa Kagera ni wa sayari nyingine.

Na tukirudi kwenye filamu, *E.T.* mnaikumbuka? Wale viumbe mwanzoni wanafanya nini msituni? Wanakusanya mimea. Ndiyo kazi ya Amani ileile, chombo kimetua, sampuli zinabebwa.

#27 Kiti cha Mbele
#26 hii ya E.T. imenikaa. Nimeiangalia mara nyingi na sikuwahi kujiuliza wale viumbe mimea ile waliipeleka wapi na ilifanya nini huko.

#28 Mtumbwi
Wakuu, wa gugu maji yuko wapi? Mimi nafanya kazi majini. Kuna wakati tulizingirwa na lile zulia njiani, injini ikazima, pangaboi imefungwa mizizi. Tulishuka kukata kwa panga huku tukiangalia mamba. Nataka kujua moja tu: lile la mwaka 1998 lililofunika fukwe na ghuba za ziwa liliondokaje? Wengine wanasema wadudu, wengine El Niño.

#29 Bwana Shamba Mstaafu
Wadudu. Aina mbili za mbawakavu wa jamii ya Neochetina, kutoka kulekule Amerika ya Kusini lilikotoka gugu. Uganda iliwaachia ziwani 1995, Kenya na sisi tukafuata. Mbawakavu aliyekomaa anakwangua jani na kuacha alama za mraba, ukilishika jani limejaa madoa kama ndui. Buu linashuka ndani ya shina hadi kwenye kitovu cha mmea, maji yanaingia, unaoza, unazama. Inachukua miaka michache idadi yao itoshe, na ndivyo ilivyokuwa.

#30 Darubini
Lakini anguko lilikuja sambamba na El Niño ya 1997 na 1998. Mawimbi yalivunja mazulia, mawingu yalikata jua kwa miezi, maji yakapanda. Waliandika watafiti kwamba bila hali ya hewa ile mbawakavu wasingefua dafu. Mwaka 2007 wengine wakajibu kwa makala nzima kwamba ni mbawakavu. Na mvua za 2006 zilipokuja, gugu likarudi Ghuba ya Winam, upande wa Kenya. Kama mbawakavu walishinda, kwa nini lilirudi?

#31 Bwana Shamba Mstaafu
Lilirudi kwa sababu mbegu inakaa kwenye tope miaka mingi, na mbawakavu walipungua chakula kilipoisha. Ni kawaida ya adui wa asili, anafuata nyuma. Halijawahi kurudi kwa wingi ule wa 1998.

#32 Mtumbwi
Asanteni wote wawili. Mimi nilichokiona ni madoa kwenye majani kabla ya mvua. Na nilichokiona pia ni mawimbi yaliyolipasua. Amueni nyie.

#33 Mkokotoaji
Niingize hesabu kidogo. Kuna kanuni ya kukadiria wanayoitumia: katika kila viumbe 10 wanaoingizwa, mmoja ndiye anayeweza kujiendeleza mwenyewe, na katika kila 10 wa hao, mmoja anakuwa kero. Ripoti ya IPBES, jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, ya Septemba 2023 inasema wageni waliokwisha kutua duniani kwa mikono ya binadamu ni zaidi ya 37,000, na wenye madhara yaliyothibitishwa ni zaidi ya 3,500. Wamechangia katika asilimia 60 ya kutoweka kwa viumbe kulikorekodiwa. Gharama kwa mwaka 2019 ilipita dola bilioni 423.

Kwa hiyo wengi wa wageni hawana neno. Filamu inamchukua yule mmoja kwa sababu wale wengine hawana hadithi. Hilo si kosa la filamu.

#34 Mwana wa Nansio
#33 takwimu nzito, asante. Ila mmoja akitua kwenye ziwa lenye aina 500 za furu zisizopatikana kwingine, hiyo moja inatosha. Wastani wa dunia haumsaidii furu.

#35 Mgosi wa Muheza
Kuna vamizi wengine hata macho hayawaoni. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano, sentimita mbili, anayezaa badala ya kutaga. Aligunduliwa 1996 kwenye rasharasha za maporomoko, eneo dogo kuliko viwanja vichache vya mpira. Bwawa la umeme likaanza 2000, maji yakapungua, rasharasha zikakatika. Wakaweka mabomba ya kunyunyiza, vyura wakapanda hadi karibu 20,000 mwaka 2003. Halafu ghafla, kimya. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini.

Waliopima wakakuta kuvu wa ngozi anayeua vyura dunia nzima, mwenye asili ya Asia. Wapo wanaosema ni viuatilifu vilivyokuwa kwenye tope la bwawa. Wapo wanaosema chura aliyekwisha dhoofishwa na ukame angekufa kwa chochote. Na kuvu yule alifikaje kwenye korongo lile? Viatu? Wapo wanaoshuku. Kama ni viatu, basi huenda vilikuwa vya waliokuja kusaidia. Bahati ni kwamba baadhi walipelekwa Marekani mapema, Bronx na Toledo, wakazaana, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

#36 Msomaji wa Usiku
#35 viatu hivyo ndivyo wanavyoviogopa watu wa anga. Wanaanga wa Apollo 11 waliporudi 1969 waliwekwa karantini siku 21 wasije na kitu cha mwezini. Leo hofu imegeuka upande: mwaka 2017 chombo cha Cassini kilitumbukizwa kwa makusudi ndani ya Saturn kisije kikaanguka kwenye mwezi wake Enceladus na vijidudu vya Duniani. Huko kuna bahari chini ya barafu. Kwa mara moja mtu amekataa kufungua mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wa wengine.

#37 Mama Mabondo
#36 hilo zuri. Wangekuwepo watu wa namna hiyo 1954. Halafu ningeuza nini, sijui, lakini wangekuwepo.

#38 Kijana wa Mang'ula
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Mzee Bwana Shamba, nina nyanya zimeingiliwa na kantangaze, yule nondo ambaye buu wake hutoboa majani na matunda. Nimebadilisha dawa tatu, duka la pembejeo wananiuzia kali zaidi kila nikienda, na hafi. Je, naye ana nyigu wake?

#39 Bwana Shamba Mstaafu
Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Kantangaze ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, alipitia Hispania 2006 na hapa nchini akaonekana 2014. Dawa nyingi amezizoea, na kila unapopiga kali zaidi unaua na wadudu wanaomla. Wapo wanaomla, hata wa kwetu wameanza kumjua.

Acha kupiga kwa wiki hii. Weka mitego ya harufu ya jike ujue nondume ni wengi kiasi gani, ng'oa matunda yote yaliyotobolewa na uyafukie chini kabisa, usiyaache pembeni ya shamba. Halafu kata majani kadhaa yenye mabaka yanayopenya mwanga, yapige picha dhidi ya jua, pande zote mbili, uweke hapa. Nataka kuona buu lililo ndani ni la kijani, au limeshageuka jeusi.